Jike ndiye anayepanga siku: ugomvi wa samaki beta wakati wa kuzalisha, kwa mazingira ya Dodoma

Jike la beta hufa mara nyingi katika nyakati mbili: saa za kwanza baada ya kuachiwa ndani ya tangi la dume, na muda anaoachwa ndani ya tangi baada ya kumaliza kutaga. Katikati ya nyakati hizo kuna purukushani ambayo mfugaji mgeni huiona ni mauaji kumbe ni posa, na kuna utulivu anaouona ni amani kumbe jike ameishiwa nguvu. Kuzalisha beta ni kujua ipi ni ipi, na kuwa na chombo mkononi pale inapobidi kuwatenganisha. Haya tunayoandika ndiyo tunayoyafanya sisi tunaofuga hapa Dodoma, penye maji magumu, usiku wa baridi na hewa kavu, mambo matatu ambayo maelekezo mengi ya kufuga beta hayakuandikwa kwa ajili yake.

Kwanza, huyu samaki ni nani. Beta tunayemfuga asili yake ni Thailand, nchi iliyomtangaza kuwa mnyama wa taifa wa majini mwaka 2019. Wenyeji wa kule wamemfuga kwa karne nyingi wakichagua wale wanaopigana kwa muda mrefu, kisha wafugaji wa baadaye wakaongeza uzuri wa rangi na mapezi. Ukali ule haukuondoka kwa sababu mkia umerefuka. Kwenye mashamba ya mpunga na vidimbwi vyenye majani, anayeshindwa huondoka na ugomvi huisha upesi. Ndani ya kioo chenye urefu wa nusu mita hakuna pa kuondokea, na dume humsoma samaki asiyeondoka kuwa bado anapinga. Jike anayekimbia huku na huko bila pa kujificha anapigwa kwa kosa la kuendelea kuonekana.

Kwa hiyo tunashughulikia mambo matatu kabla ya lolote: jike awe tayari kweli, dume awe na kiota (povu analolijenga juu ya maji la kushikia mayai) cha kumrudisha nyumbani, na jike awe na njia ya kupotea machoni pa dume. Moja likikosekana, mengine mawili hayatoshi.

Kuchagua jozi

Umri mzuri ni miezi 4 hadi 12. Jike awe sawa na dume au mdogo kidogo. Jike mkubwa kuliko dume huleta shida ambayo wengi hawaitegemei, maana jike naye hupiga. Dume mwenye mkia mpana na mapezi marefu ni mzito, hageuki upesi, na jike mwepesi mwenye mkia mfupi anaweza kumchana hadi akaacha kiota. Kinyume chake, dume wa mkia mfupi ana kasi na meno, na ukimpa jike wa mapezi marefu umempa mtu asiyeweza kukimbia. Tunapenda kuoanisha wenye mwendo unaolingana, mkia mfupi kwa mkia mfupi. Ukilazimika kuchanganya, ongeza maficho mara mbili.

Hakikisha jike ni jike. Madume machanga ya mkia mfupi huuzwa kama majike kila siku, na ukiwaweka pamoja madume wawili hakuna posa hapo, ni vita tu. Jike ana kidoa cheupe nyuma ya mapezi ya tumboni, kama punje ya chumvi: ndiyo ncha ya mrija wa kutagia. Anapotanua vifuniko vya matamvua, yaani mashavu ya kupumulia, utando wa chini, ule unaofanana na ndevu, huwa mdogo sana au hauonekani. Kwa dume hujitokeza wazi.

Samaki wengi wanaofika Dodoma hutoka Dar es Salaam. Wametoka kwenye joto la pwani, wamekaa saa kadhaa ndani ya mfuko, kisha wanashushwa kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wape wiki mbili za kupumzika, kila mmoja chombo chake, bila kuonana. Samaki aliyechoka na safari hana nguvu ya kutengeneza mayai wala ya kukimbia.

Maji na joto la hapa

Maji ya Dodoma mjini kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ni maji magumu. Unayaona kwenye birika, ule ukoko mweupe wa chokaa. Beta huyazoea, kwa hiyo usijichoshe kuyabadilisha kupita kiasi. Kinachomuumiza ni mabadiliko ya ghafla. Jike akitoka kwenye maji ya bomba akaingizwa kwenye tangi la maji ya mvua matupu, hujikunja pembeni, rangi humpotea, na dume humwona dhaifu. Weka jozi yote kwenye maji ya aina moja angalau wiki nzima kabla ya kuwakutanisha. Tunachanganya nusu bomba, nusu mvua yanapopatikana. Ya mvua tusiyoyakinga ni yale ya mwanzo wa msimu, kwa sababu bati la Dodoma lina vumbi la miezi mingi. Maji ya bomba yakae saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke.

Joto la maji liwe nyuzi 27 hadi 28. Hapa ndipo Juni hadi Agosti hutukamata, kwani usiku hewa ya nje hushuka hadi karibu nyuzi 13 na maji ya chumbani huifuata. Chini ya nyuzi 24 mayai hayaivi vizuri, jike hazai, na dume hubaki akimfukuza bila mwisho kwa sababu hakuna tendo la kuumaliza mchezo. Ugomvi mwingi wa msimu wa baridi unaosimuliwa kuwa ni dume mkorofi ni ugomvi wa baridi. Kama huna hita ya kuaminika, subiri Oktoba. Ukiwa nayo, ya wati 50 inatosha tangi tunalolieleza hapa. Chagua aina inayoruhusiwa kuzama yote, uilaze chini, maana maji ni ya kina kifupi na hita iliyosimama nusu nje ya maji hupasuka. Umeme ukikatika usiku, funika tangi kwa blanketi na uweke chupa ya plastiki yenye maji ya moto kwenye kona iliyo mbali na kiota. Ibadilishe kabla haijapoa kabisa.

Tangi

Kioo cha sentimita 50 kwa 30 kinatosha, na fundi vioo yeyote mjini atakukatia na kukugandishia. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na uache ikauke siku kadhaa kabla ya kuloweka na kumwaga maji ya kwanza. Jaza maji hadi kina cha sentimita 15. Hapo utakuwa na lita 22 na nusu. Wengine hushusha hadi sentimita 10 ili dume asisumbuke kufuata mayai yanayozama, lakini kila sentimita unayoipunguza unaipunguza kwenye nafasi ya jike. Sisi tunaanza na 15 na hatugusi kitu mpaka jike atoke.

Usiweke mchanga wala kokoto. Yai likianguka kati ya mawe dume halipati. Chini pawe patupu.

Maficho ndiyo yanayookoa maisha, na yapangwe kwa akili. Kiota kitakuwa upande mmoja, kwa hiyo maficho yawe upande wa pili na katikati. Kona nne za tangi ndizo mitego: jike akisukumwa konani hana pa kupita. Zile zisizo na kiota zijaze majani ya majini au vishungi vya uzi wa nailoni uliofungwa pamoja, ujazo wa kona nzima kuanzia chini mpaka juu, ili jike aweze kupenya na dume mwenye mapezi mapana akwame. Katikati laza chungu kidogo cha maua kilichovunjwa pande mbili, kiwe na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Chungu chenye mlango mmoja ni gereza. Tumewaona majike wakijibanza humo wakipigwa kichwani kila wanapotoka kuvuta hewa, na beta lazima apande juu kuvuta hewa, kwa hiyo anayetawala uso wa maji anatawala pumzi ya mwenzake. Ndiyo maana tunasisitiza majani yafike juu kabisa. Jike apumue akiwa amejificha.

Kwa ajili ya kiota, kata kipande cha lile boksi jeupe jepesi la chipsi, sentimita 8 kwa 8, ukisafishe mafuta yote kwa maji ya moto, kisha ukibandike kwenye kioo kielee juu ya maji kwenye kona ya dume. Kipande cha jani la mgomba nacho hufanya kazi, ila huoza mapema. Ongeza jani moja kavu la mkungu (ule mti wa kivuli, si mkungu wa ndizi) lililooshwa. Hugeuza maji rangi ya chai hafifu, huzuia ukungu, na kivuli chake hupunguza ukali wa mwanga.

Zima pampu ya hewa au uipunguze mpaka ibubujike polepole upande usio na kiota. Funika tangi kwa kioo au nailoni angavu ukiacha upenyo mdogo. Kifuniko hiki kina kazi tatu hapa kwetu: huzuia vumbi la upepo wa Dodoma, huzuia jike kuruka nje anapofukuzwa (huruka kweli, na hupatikana asubuhi amekauka sakafuni), na huhifadhi unyevu juu ya maji. Hewa ya Agosti na Septemba ni kavu mno, na bila kifuniko povu la kiota hupasuka haraka kuliko dume anavyolijenga. Dume anayejenga bila kumaliza huwa na hasira.

Bandika karatasi ya kaki pande tatu za nje. Dume akijiona kwenye kioo hudhani kuna mpinzani na hasira hiyo humwangukia aliye karibu.

Kuwalisha kabla

Siku 10 hadi 14 kabla ya kuwakutanisha, kila mmoja alishwe vizuri kwenye chombo chake bila kumwona mwenzake. Chakula bora tulicho nacho bila gharama ni viluwiluwi vya mbu. Tega ndoo ya maji yenye majani makavu kidogo mahali penye kivuli, chuja kila siku kwa kichujio cha chai, suuza, toa wale walioshajikunja kuwa pupa. Chuja kila siku bila kuruka hata moja, maana ndoo iliyosahaulika inazalisha mbu wa mtaa mzima. Usichote viluwiluwi vya mitaro ya majitaka. Lisha mara mbili au tatu kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2. Siku moja katika wiki wasile.

Shibe hii si anasa. Jike aliyeshiba hujaa mayai, na jike aliyejaa mayai hubadilisha tabia: badala ya kukimbia, husogea. Dume anayesogelewa huacha kupiga. Hakuna dawa ya ugomvi inayoizidi hiyo.

Kioo cha chemli

Dume aingie kwanza, siku moja au mbili kabla, ili tangi liwe lake. Kisha jike aingizwe akiwa ndani ya kioo cha taa ya chemli, kile kilicho wazi juu na chini, kikisimamishwa katikati ya tangi huku mdomo wa juu ukiwa nje ya maji. Kioo hiki kinamwezesha dume kumwona jike pande zote bila kumfikia, na siku ya kumtoa unakiinua tu taratibu bila wavu wala kelele. Chemli bado zinauzwa kwenye maduka ya Majengo na Sabasaba. Ukikosa, chukua chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu, kata kichwa na kitako, kisha pitisha kingo kwenye sufuria ya moto ili zilainike. Kingo za plastiki iliyokatwa na kuachwa hivyo huchana mapezi vibaya zaidi kuliko dume. Hakikisha haiinuki juu kwa uzito mdogo: chupa nyepesi huelea na kumwachia jike usiku. Ishikilie na kijiwe au kibanio.

Saa 24 ni kiwango cha chini, saa 48 ni bora. Wakati huu ndipo unaposoma, na usome kwa utulivu, dakika 15 asubuhi na 15 jioni, ukikaa mbali kidogo na tangi.

Kwa jike tafuta milia ya wima iliyopauka ubavuni, tumbo lililojaa ukimtazama kutoka juu, kidoa cheupe kilichojitokeza, na zaidi ya yote, kichwa kilichoinamishwa anapomtazama dume. Jike wa rangi nyeupe au ya waridi milia yake haionekani. Kwake fuata mwenendo wa kichwa. Mistari ya mlalo, iliyokolea, inayokwenda kutoka kichwani hadi mkiani, ni hofu. Jike mwenye mistari ya mlalo hafunguliwi, hata kiota kiwe kizuri namna gani, hata wiki iwe imeisha.

Kwa dume tafuta mwendo wa kwenda na kurudi. Anakuja kwenye kioo, anatanua mapezi na matamvua, anajinyonganyonga, kisha anarudi kwenye kiota kuongeza povu, kisha anakuja tena. Dume anayebaki kwenye chemli akiigonga kwa mdomo muda wote, kiota hana, huyo anapigana. Mwondolee jike machoni kwa siku nzima kisha ujaribu tena.

Wengi huangalia kiota peke yake, wakiona povu limejaa wanafungua. Kiota kinakuambia habari za dume tu. Siku ya kufungua inapangwa na jike.

Kufungua

Fungua asubuhi, siku ambayo hutoki nyumbani. Walishe kidogo saa moja kabla na uondoe mabaki. Waambie watoto wasigonge kioo. Inua chemli polepole, kwa muda wa dakika nzima, na uiweke karibu. Huenda ukaihitaji. Weka pia bakuli la plastiki la kuchotea, kwani wavu hukwangua magamba na humtia jike hofu.

Saa ya kwanza ni mbio. Dume atamfukuza, atamwuma mapezi, atamtanulia matamvua. Usiingilie kwa ajili ya pezi lililochanika ukingoni au gamba moja moja lililong'oka. Mapezi huota tena ndani ya wiki chache. Kipimo chetu ni kimoja: dume anarudi kwenye kiota? Akimfukuza jike hadi majanini, kisha akageuka na kurudi kuongeza povu, mambo ni sawa hata kama yanatisha. Akimfuata hadi majanini, akazunguka majani, akangoja mlangoni, kiota amekisahau, hiyo si posa tena. Mpe dakika 15. Asiporudi kiotani, mrudishe jike kwenye chemli.

Mtoe bila kungoja lolote ukiona haya: jike amelala pembeni juu ya maji akihema kwa nguvu bila kusogea anapokaribiwa, ubavu umebaki nyama nyekundu bila magamba, ameumwa jicho au sehemu ya mrija wa kutagia, milia ya wima imegeuka ya mlalo na haibadiliki kwa nusu saa. Ukimya nao ukaguliwe. Tangi likitulia ghafla ndani ya saa ya kwanza, mtafute jike kwa macho, umwone alipo na anavyopumua.

Jike akipiga zaidi ya dume, hesabu hiyohiyo inatumika kwa upande wa pili. Mapezi ya dume yakianza kubaki miiba mitupu, mtoe jike, mlishe wiki nyingine, umtafutie dume mwepesi.

Jioni ikifika hawajataga, mrudishe jike kwenye chemli hadi asubuhi. Ugomvi wa usiku hakuna anayeuona. Rudia siku ya pili. Baada ya saa 48 za kujaribu, watenganishe kabisa, wapumzike wiki moja au mbili, kisha uanze upya na lishe. Jozi nyingine hazipatani kabisa, na hakuna maficho yatakayobadilisha hilo. Badilisha mmojawapo.

Wakati wa kutaga

Jike akishaamua, unaona tofauti mara moja. Anatoka majanini kichwa kikiwa chini, mapezi yamefungwa, anasogea chini ya kiota na kumgusa dume ubavuni kwa mdomo. Dume anajipinda na kumzungusha, anambana katikati ya mwili mpaka tumbo la jike linageuka juu. Mara za kwanza hakuna yai linalotoka. Wanajifunza kulengana, na wafugaji wengi hukata tamaa hapa bila sababu. Kisha yanaanza kudondoka, meupe, madogo sana, kumi, ishirini au zaidi kwa kila kumbatio. Dume anamwachia, anashuka haraka kuyaokota kwa mdomo na kuyapandisha kwenye povu. Jike hubaki akielea kiubavu sekunde kadhaa, hana habari. Hajafa. Usimguse. Akizinduka huenda akasaidia kuokota, au akayala. Kazi hii huchukua saa 2 hadi 6, na mayai yote yanaweza kufika mamia.

Katika muda huu dume hana ugomvi. Ndiyo saa ya amani pekee kati ya hawa wawili, nayo ina mwisho mkali.

Kumtoa jike

Mayai yakiisha, dume humgeukia jike kama mwizi wa mayai, na mara nyingi yuko sahihi. Dalili ni kwamba jike amekimbilia kona ya mbali na dume amebaki chini ya kiota, akitoka kwa shambulio fupi kila jike anaposogea. Mtoe saa hiyohiyo. Zamisha bakuli upande wa jike, mbali na kiota, mwache aingie, ulinyanyue bila kutikisa maji. Mawimbi huvunja povu, na dume aliyevunjiwa kiota anaweza kula mayai yote.

Mweke kwenye chombo cha lita 5 au zaidi, maji ya joto lilelile, chumvi ya kawaida isiyo na madini joto (iodini) gramu 1 kwa kila lita, ikiwa imeyeyushwa pembeni kwanza, na jani la mkungu. Funika chombo kwa kitambaa, pawe na giza. Siku ya kwanza asile, ya pili apewe viluwiluwi vitatu au vinne. Badilisha theluthi ya maji kila siku ukirudishia chumvi ya sehemu uliyoitoa tu. Baada ya wiki moja hadi siku 10 acha chumvi. Pezi likianza kuota, ukingo wake huwa angavu kama hauna rangi. Hiyo ni dalili njema. Utando mweupe wa pamba juu ya kidonda ni ukungu na unahitaji dawa. Asirudishwe kwa dume kabla ya mwezi kuisha.

Dume na mayai

Mayai huanguliwa baada ya saa 24 hadi 48. Vifaranga huning'inia kwenye povu mikia ikiwa chini, siku 2 au 3, na dume huwaokota wanaoanguka. Acha taa hafifu usiku ili awaone. Dume akila mayai, kabla ya kumlaumu angalia kama yalikuwa meupe ya ukungu, hayo anayaondoa kwa faida. Kama si hivyo, tafuta mwanga mkali, watu wanaopita, kivuli chake kwenye kioo, au jike kwenye chombo cha jirani anayemwona. Ugomvi wa kumwona mpinzani kwa mbali unatosha kumfanya aache kiota.

Vifaranga wakianza kuogelea kwa mlalo, mtoe dume kwa bakuli. Akiachwa, uangalizi hugeuka kuwa mlo. Vifaranga wapewe vijidudu vya maji ulivyoviandaa wiki moja kabla, kwenye mtungi wa maji ya tangi na ganda la ndizi, kisha artemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi) waliototolewa. Maji yaongezwe tone kwa tone kwa mpira wa dripu wa dukani, na kifuniko kisitoke, kwa sababu kiungo chao cha kuvutia hewa hukua katika wiki za 3 hadi 6 na hewa baridi ya Dodoma ikiwapiga hapo wengi hufa.

Ugomvi unarudi vifaranga wakifikisha wiki 8 hadi 10. Madume huanza kutanuliana matamvua, mikia huanza kuwa na mapengo. Hapo kila dume anahitaji chombo chake, na hili lihesabiwe kabla hata ya kuwakutanisha wazazi: ukipata madume 40, ni chupa 40, na maji ya kubadilisha nusu kila baada ya siku moja au mbili. Kama huna nafasi hiyo wala wanunuzi, punguza mayai mapema. Tunatumia chupa za lita moja na nusu zilizokatwa shingo, zimepangwa ndani ya beseni pana lenye maji na hita moja, ili joto moja lihudumie zote. Katikati ya chupa na chupa tunasimamisha kipande cha boksi wasionane. Mara moja kwa siku vipande vinaondolewa dakika 5, watanue mapezi na kunyoosha misuli, kisha vinarudishwa. Majike wanaweza kubaki pamoja kwenye tangi kubwa lenye majani mengi, ila mkorofi mmoja akianza kuwachana wenzake, naye apewe chupa yake.